Dada anataka kwenda ng'ambo kukatwa tumbo apunguze uzito: tuulize nini kabla ya kutoa arubuni?

BintiLangoni aliuliza:

Assalaam aleikum wanabaraza. Nauliza kwa ajili ya dada yangu mkubwa, tuko Lamu mjini. Umri miaka 43, kilo 118, urefu mita 1.58. Ana presha, na kisukari anachotumia metformini na glimepiridi. Usiku kiungulia kinamsumbua.

Wakala amemletea vifurushi viwili kwa WhatsApp: Istanbul siku 5, hoteli na gari ndani yake, na Mumbai siku 12, bei imezidi kidogo. Vyote ni vya sliivu, ile ya kukata tumbo libaki kama bomba. Anataka arubuni wiki hii, eti bei itapanda.

Tuchukue kipi? Tudai karatasi gani? Na akisharudi huku kisiwani likamfika jambo, tumpeleke wapi na tuseme nini? Naomba wajibu wanaoijua kazi yenyewe.

NesiWaThieta:

Waaleikum salaam dada. Kabla ya mji, tutazame hicho kiungulia, maana ndicho kitakachoamua mengi.

Kuhusu kustahili hakuna shaka. Gawanya 118 kwa 1.58 mara 1.58, unapata BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, ya 47. Mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka 40, au 35 ukiwa na maradhi yanayotokana na unene. Mwongozo wa 2022 umeshuka hadi 35 bila sharti la maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari. Kwa hesabu yoyote anaingia. Linalobaki ni aina ya upasuaji.

Sliivu huondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo. Kinachobaki ni bomba la ml 100 hadi 150, yaani kama vikombe viwili vya kahawa chungu, vile vidogo. Kilichokatwa hakirudishwi. Bomba hilo ni jembamba na msukumo wa ndani yake ni mkubwa, kwa hiyo asidi hupanda juu kuliko mwanzo. Mwenye kiungulia kikali aghalabu humzidi, na asiyekuwa nacho anaweza kukianza. Baipasi ni kazi nyingine: hutengenezwa kifuko cha kama ml 30 juu ya tumbo, kikaunganishwa na utumbo. Kiungulia hupungua na sukari hutulia vizuri zaidi. Gharama yake ni kwamba upungufu wa vitamini ni mkubwa zaidi, na mvutaji sigara au mtumiaji wa diklofenaki hupata vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo.

Kwa hiyo aingizwe kamera tumboni kwanza, Mombasa au Nairobi, kabla shilingi haijatoka. Inatafutwa henia, yaani tumbo kupenya juu kuingia kifuani, vidonda, na bakteria wa H. pylori. Akipatikana nao atatumia antibiotiki mbili na dawa ya asidi kwa siku 14, na kipimo cha kuhakikisha wamekwisha hakifanywi kabla ya wiki 4 kupita baada ya dozi. Ukihesabu hapo utaona "arubuni wiki hii" haiingii popote. Wakala aliyechagua upasuaji kabla ya kamera kuingia anabahatisha kwa tumbo la mwenzake.

Sasa hizo siku 5. Siku ya kwanza ni kufika, ya pili vipimo na kisu kwa pamoja, ya tatu na ya nne kitandani, ya tano uwanja wa ndege. Mshono wa sliivu hufungwa kwa pini ndogo ndogo nyingi, na unapovuja, mara nyingi hugundulika mgonjwa akisharuhusiwa, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kwa kifurushi hicho, uvujaji utamkuta angani au Langoni. Siku 12 ni afadhali: usiku 2 au 3 wodini, zilizobaki hoteli iliyo karibu na hospitali, na daktari amwone tena kabla ya kupanda ndege. Lakini si kwamba India ni bora kuliko Uturuki. Hata Istanbul mwaweza kudai siku 12. Wakikataa, jibu mmelipata.

Maswali haya ulizeni hospitali, na majibu yaje kwa maandishi. Nani hasa atashika kisu, na kwa mwaka hufanya upasuaji huu mara ngapi? Atazungumza na mgonjwa kwa video kabla hajasafiri? ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, iko jengo lilo hilo au ni kuhamishwa kwa ambulensi? Akirudishwa thieta au akilazwa ICU siku 6, bili ni ya nani? Na vipimo vikisema hafai, pesa zinarudi kiasi gani? Malipo yaende kwenye akaunti ya hospitali yenyewe. M-Pesa ya mtu binafsi, hapana.

GatiLaManda:

Nitasema ya safari tu.

India anahitaji viza ya matibabu, si ya utalii. Ile ya mtandaoni ni ya siku 60, ya kuingia mara tatu, na inaombwa kwa barua ya hospitali yenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Wasindikizaji wawili huruhusiwa, nao wana viza yao. Tovuti ya serikali ya India huishia na .gov.in, nyingine zote zinazofanana nayo ni za madalali. Ombeni mapema, msingoje siku 4 za mwisho. Tena kuna cheti cha chanjo ya homa ya manjano: Kenya imo kwenye orodha yao, sindano lazima iwe imefikisha siku 10 kabla ya kutua, na asiyekuwa nacho hutengwa hadi siku 6. Chanjo moja sasa yatosha maisha, kwa hiyo tafuteni kile kitabu cha manjano kabla ya kuchanjwa upya.

Uturuki, hospitali na wakala wote hutakiwa kuwa na kibali cha Wizara ya Afya ya huko cha kuhudumia wagonjwa wa kigeni. Dai nakala. Na ile nembo ya JCI, shirika la kimataifa la kukagua hospitali, wanayoibandika kila mahali, ingia tovuti ya JCI yenyewe utafute jina la hospitali. Kubandika picha hakuna ushuru.

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, msiitie kwenye hesabu. Matibabu ya nje inayogharamia ni yale yasiyopatikana nchini, na upasuaji huu Nairobi unafanywa. Bima ya kawaida ya safari nayo huacha nje matibabu uliyoyafuata kwa kupanga pamoja na madhara yake. Ulizeni bima maalumu ya madhara ya upasuaji, na someni inakoma siku ya ngapi.

Kurudi: Mumbai hadi Nairobi ni kama saa 6, Istanbul kama saa 7. Akae kiti cha ujia, ainuke kila saa, avae soksi za kubana, na aombewe kiti cha magurudumu mnapokata tiketi. Nairobi alale usiku mmoja, kisha ndege ya Manda. Basi la kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe si la mtu mwenye matundu matano ya upasuaji tumboni. Na angalieni maji: yakiwa yametoka, ngazi za gati zina utelezi na boti iko chini, itabidi ajivute kwa mikono. Fikeni maji yakiwa yamejaa. Asibebe kitu cha zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6, hata pochi ya mkono iliyojaa zawadi. Punda naye apumzike, asipandwe.

Maweni_Juu:

Mbona mnamtisha mtu? Awekwe baluni tumboni basi, hakuna kukatwa, na Nairobi kazi imekwisha.

NesiWaThieta:

Ndugu yangu, kwa BMI ya 47 baluni ni daraja tu, hutumika kupunguza kilo kabla ya upasuaji wenyewe. Ile ya kawaida hukaa miezi 6, hutolewa, na uzito una mazoea ya kurudi baada ya hapo. Hujazwa maji ya chumvi yenye rangi ya buluu kwa sababu maalumu: ikipasuka, mkojo hugeuka buluu au kijani. Hapo haingojwi kesho, maana mpira uliosinyaa unaweza kuteremka ukaziba utumbo. Tarehe ya kuitoa nayo haisogezwi.

Kuhusu Nairobi nakuunga mkono. Watu hulinganisha bei ya kifurushi na bei ya hospitali ya Nairobi, wanasahau tiketi mbili, viza, hoteli ya siku za ziada, na kwamba daktari wa Nairobi unaweza kumrudia mwezi ujao.

DoziKwaDozi (Malindi):

Dada, dawa zake zipangwe upya mara tatu: kabla, siku yenyewe, na baada.

Kabla ya upasuaji atapewa mlo wa kunyausha ini, aghalabu wiki 2, kalori 800 hadi 1000 kwa siku. Akiendelea na glimepiridi ileile huku hali, sukari itashuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuzimia. Dozi ipunguzwe na daktari siku mlo unapoanza, na mashine ya kupimia sukari iwe nyumbani. Kama ana dawa yoyote ya jamii ya flozini, kama dapagliflozini, husimamishwa mlo huo unapoanza, na kwa vyovyote angalau siku 3 kabla ya upasuaji, kwa sababu pamoja na njaa huzalisha asidi hatari kwenye damu hata sukari ikionekana nzuri. Sindano za kila wiki za kupunguza uzito, miraa, muguka, sigara: yote aambiwe daktari wa nusukaputi bila haya. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huachwa kama wiki 4 kabla, kwa hofu ya damu kuganda.

Baada ya upasuaji, vidonge vikubwa havipiti wiki za mwanzo. Atasaga au atatumia dawa za maji. Hapo kuna mtego: metformini yenye herufi SR au XR, ile ya kutoa dawa polepole, haisagwi, kwa kuwa dozi ya kutwa nzima itamwagika kwa mara moja. Abadilishiwe ya kawaida. Dawa ya presha inayokojoza mara nyingi husimamishwa, kwani mtu anayekunywa kwa vijiko hana maji ya kupoteza. Diklofenaki, ibuprofeni na vidonge vya dukani vyenye aspirini asahau. Kichwa kikiuma ni parasetamoli. Dawa ya kupunguza asidi huendelea kama miezi 3, na wengi huongezewa ya kuzuia vijiwe vya nyongo kwa miezi 6, kwa sababu kupungua kwa kasi huvitengeneza.

Kuna sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, mara nyingi enoksaparini, kwa wiki 2 hadi 4. Asafiri nazo kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Ziwekwe chumba chenye baridi, zisigande frijini. Jambo ambalo wakala hatawaambia: enoksaparini hutokana na utumbo wa nguruwe. Wanazuoni wengi huruhusu kwa dharura, lakini mwenye kutaka nyingine amwulize daktari mapema juu ya fondaparinuksi, ambayo hutengenezwa maabara. Siyo jambo la kugundua siku ya sindano.

Vitamini ni za maisha. Kwa siku: kalsiamu sitreti mg 1200 hadi 1500 iliyogawanywa mara mbili au tatu, chuma mg 45 hadi 60, vitamini D kama IU 3000, na multivitamini yenye thiamini. B12 humeza mikrogramu 350 hadi 1000 kila siku au huchomwa 1000 kila mwezi. Chuma na kalsiamu viachane saa 2, na chuma kisishushwe kwa chai. Pigeni hesabu ya mwaka mzima sasa hivi, kabla hamjalipa tiketi, na kama mwataka kujua kama mwaweza kuimudu, ulizeni bei famasi leo. Peremende za vitamini zile za kutafuna zina chuma kidogo au hazina kabisa, na nyingi zina jelatini.

BintiLangoni:

Ahsanteni sana, kumbe tulikuwa gizani. Metformini yake imeandikwa XR, nimeitazama sasa hivi. Mawili yamebaki: huo mlo wa ini na chakula cha baadaye, maana huku kwetu ni wali wa nazi na samaki. Na Ramadhani atafunga?

Lishe_Pwani:

Upande wa kushoto wa ini hulala juu ya tumbo kama mlango. Ini lenye mafuta ni zito na huchanika kwa urahisi. Daktari anaponyanyua kwa chuma asione kitu, ana hiari ya kufunga na kumrudisha mtu wodini bila kumfanyia kitu. Mlo wa wiki 2 hutoa mafuta na sukari iliyohifadhiwa humo. Kwa chakula cha huku: mtindi usio na sukari, mayai, samaki wa kuchoma au wa kuchemsha, mchicha, matango, supu. Wali, mahamri, mihogo, mbaazi za tui na chai ya sukari hutoka. Kinachoharibu kazi ni karamu ya kumuaga. Sinia moja la biriani na halua usiku wa kuamkia safari hulijaza ini upya.

Baadaye, wiki 2 za kwanza ni vitu vya maji: supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, mtindi uliolegezwa. Wiki ya 3 na ya 4 ni vilivyopondwa laini, ya 5 na ya 6 vyakula laini, kisha kawaida kwa vijisehemu. Uji wa sembe wengi huukimbilia, lakini ni wanga mtupu. Anahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja ni kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, gramu 100 za changu au kolekole kama 20. Protini iliwe kwanza, wali ukipata nafasi. Chapati, mkate na wali mkavu hufanya donge likakwama. Pweza na nyama ya ng'ombe zingoje miezi. Maji lita 1.5 hadi 2, kwa funda ndogo ndogo tangu asubuhi, na asinywe akiwa anakula wala nusu saa baada ya kula. Madafu yahesabiwe kama kinywaji cha sukari.

Mwezi wa 3 hadi wa 6 nywele zitakatika. Hurudi, ikiwa protini na chuma vipo.

Ramadhani: hayo maji ya lita 1.5 kwa funda, yagawe baina ya magharibi na alfajiri, utaona hayaenei bila kujijaza. Wengi katika fani hii hushauri asifunge mwaka wa kwanza. Namna ya kulipa, aulizwe shekhe wenu, akiwa na barua ya daktari mkononi. Mwaka wa pili, kama amefanyiwa baipasi, futari ndiyo yenye hatari: tende tatu na gilasi ya sharubati tumbo likiwa tupu huingia utumboni kwa mkupuo, na ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linaendesha. Saa 1 hadi 3 baadaye sukari inaporomoka. Afungue kwa maji na kipande cha tende, atulie, kisha supu.

NesiWaThieta:

Mimba pia isisahauliwe, miaka 43 bado si salama ya kudhani. Uzito ukishuka hedhi hujipanga na mimba huja bila hodi, na inatakiwa ingoje miezi 12 hadi 18. Vidonge havitegemewi mtu akitapika au akifanyiwa baipasi. Kijiti au koili ni bora.

Sasa swali lako la tatu, la kisiwani. Asitoke hospitali bila ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza: aina ya upasuaji, unene wa mrija waliopimia, kama mshono ulijaribiwa kuvuja, dawa alizopewa, picha zote kwenye CD, na namba ya daktari aliyemkata, si ya wakala. Mkifika, kabla hajaumwa, pelekeni nakala hospitali ya King Fahd na nyingine kwa daktari wa upasuaji wa Mombasa aliyekubali kumpokea. Daktari huyo atafutwe kabla ya safari. Kumtafuta saa nane usiku mtu akiwa anahema ndiko kunakoua.

Dalili za kutongoja: mapigo ya moyo yanayokaa juu ya 120 kwa dakika, homa, maumivu ya bega la kushoto, kuhema. Moyo mara nyingi hutangulia, tumbo likiwa bado laini, ndiyo maana huambiwa ni wasiwasi au malaria. Mpimeni wenyewe kwa saa, asubuhi na jioni, wiki mbili za mwanzo, muandike. Kinachotakiwa hapo ni CT skani yenye dawa ya kuonyesha uvujaji na yule daktari wa upasuaji, kwa hiyo ni safari ya Mombasa, na boti ya usiku muwe mmeshazungumza na nahodha bei na namba. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi kukata ghafla, ni damu iliyoganda. Hapo napo akimbizwe vivyo hivyo.

Na hili liandikeni kwa wino mwekundu juu ya ripoti: "Amepasuliwa tumbo. Asipitishwe mpira wa puani bila daktari wa upasuaji. Akitapika, thiamini kabla ya glukosi." Akiba ya thiamini mwilini ni ya wiki 2 au 3 tu. Mtu ametapika wiki nzima, anafika wodini, anatundikiwa dripu ya glukosi kwa nia njema, na glukosi inakula thiamini kidogo iliyobaki. Macho yanaanza kucheza, anayumba akitembea, anasema maneno yasiyoeleweka. Ubongo ukishaumia hivyo, huenda usirudi wote. Kwanza thiamini ya sindano na dripu ya maji ya chumvi, glukosi baadaye.

Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka: wingi wa damu, chuma, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, figo na ini.

BintiLangoni:

Nimemwandikia wakala kwamba arubuni inangoja kamera. Amejibu kuwa hospitali "hufanya kamera siku ileile ya upasuaji, bure".

NesiWaThieta:

Mwulize: ikikutwa H. pylori au kidonda asubuhi ile, kifurushi cha siku 5 kitangojea siku 14 za dawa? Mkishapata majibu ya kamera, leteni hapa pamoja na HbA1c yake ya karibuni, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, tuone kama mjadala ni sliivu kabisa.